Utepe Uliokwama Kwenye Mpira

Tazama koo kabla ya kupasua kifua. Mmemsikia fundi wa redio akiutamka usemi huo, mkacheka, mkaniuliza ni koo la nani. Basi tulieni niwaeleze, maana chanzo chake hakichekeshi hata kidogo. Methali hii ilianzia Morogoro, kwa mtu aliyeitwa Fundi Anselmi Mkude.

Mkude alikuwa hodari wa pasi, feni na majokofu, na mwenyewe alijijua kuwa ni hodari. Siku moja meneja wa nyumba ya wageni alimwita. Mashine yao ya kufyonza vumbi ilikuwa inanguruma, lakini haivuti hata uzi. Aliyeitumia ni Zamoyoni, mjane aliyesafisha pale kwa miaka sita, na kwa kazi hiyo akawalisha mama yake na wanawe wawili.

Fundi aliilaza mashine chali, akatoa bisibisi.

"Fundi," Zamoyoni alisema, "iliniharibikia ukumbini, asubuhi baada ya ile harusi. Sauti ilipanda ghafla, ikawa nyembamba kama ya mtu aliyepaliwa. Huoni afadhali uutazame mpira wa kuvutia vumbi kwanza?"

Fundi hakuinua kichwa. Wahudumu wengine walikuwa wamesimama mlangoni wakitazama, na kufundishwa kazi na mfagiaji mbele za watu kulimchoma.

"Dada, mimi na wewe nani fundi?"

Akaitoa mota. Ubavuni mwake palikuwa na doa la kutu, dogo kama punje ya mtama. Huenda lilikuwa la miaka mingi. Lakini meneja alikuwa anangoja jibu, na fundi hakutaka kuonekana hana.

"Imevuta maji," alisema. "Mtu ameipitisha kwenye sakafu mbichi. Mota imekufa."

"Wallahi sijafanya hivyo!" Zamoyoni alisema. "Kaka fundi, sema kweli, nina watoto."

Fundi alikusanya vifaa vyake, akaibeba mashine. Kabla ya adhuhuri Zamoyoni alikuwa amevuliwa sare.

Mota mpya ilichukua majuma matatu kufika kutoka Dar es Salaam. Fundi aliifunga, akawasha. Mashine ikanguruma vizuri, na haikuvuta hata uzi. Alikaa akiikodolea macho. Kisha akauchomoa ule mpira, akapitisha waya ndani. Waya ukakwama katikati. Alipousukuma kwa nguvu likatoka fundo la utepe wa harusi, limesokotana na nywele na vumbi. Akairudisha mota ya zamani, ile aliyoitangazia kifo, akawasha tena. Ilivuta mpaka ikang'ang'ania kiganja chake.

Papo hapo alijua linalompasa, na hakulifanya. Alisema atakwenda kesho. Kesho yake aibu ikamkalisha. Alitafuta maneno ya kusema ukweli bila kuharibu jina lake, hakuyapata. Siku ya nne ndipo alipofunga kibanda chake, akaulizia nyumbani kwa Zamoyoni, akaenda.

Alikuta wanawake wamekaa mikekani, vichwa vimefunikwa kanga. Tangu afukuzwe, Zamoyoni alikuwa anachimba mchanga mtoni. Jana yake ukingo uliolowa mvua ulimporomokea. Walikuwa wametoka kumzika.

Mkude aliinama mbele ya mama wa marehemu.

"Wewe nani, baba?" mama aliuliza.

"Mimi ndiye niliyesema mwanao ameharibu mashine, mama. Hakuiharibu. Mpira ulikuwa umeziba."

"Ulilijua lini hilo?"

Angeweza kusema leo, na hakuna ambaye angembishia. "Juzi ya juzi," alisema.

"Juzi ya juzi mwanangu alikuwa mzima." Mama alimtazama usoni. "Na yeye hakukwambia utazame wapi?"

"Aliniambia. Alisema inalia kama mtu aliyepaliwa."

"Basi alikuonyesha koo, wewe ukampasua kifua."

 Mama hakumsamehe, siku ile wala baadaye.

Mkude alikwenda kwa meneja akaeleza yote, na kuanzia hapo nyumba ile haikumwita tena. Wale wanawake wa matangani waliondoka na maneno ya mama yule. Wakayasema kisimani, wakayasema sokoni, yakapindwa kidogo na kunyooshwa, mpaka yakawa usemi wa watu wasiomjua Zamoyoni wala fundi.

Miaka ikapita. Siku moja mteja mgeni alimletea Mkude feni, akamwona anachukua bisibisi kabla ya kuuliza lolote. Akamtania:

"Mzee, wenyeji wa hapa si mnasema tazama koo kabla ya kupasua kifua?"

Mkude aliiweka bisibisi chini.

"Tunasema," alijibu. "Hebu niambie, ilianzaje kuharibika?"

Akamsikiliza mpaka mwisho. Ndiyo maana husemwa: tazama koo kabla ya kupasua kifua.