Mwiko wa Mama Nakijwa

Hapo zamani, kabla sufuria hazijapanda milima ya Upare, alikuwako mama mmoja mfinyanzi, jina lake Nakijwa. Alifinyanga kama mama yake, na mama yake alifinyanga kama bibi yake. Nyumbani kwake kilikuwako chungu kikubwa cha ukoo. Kila baada ya mavuno ukoo mzima ulikuja kula kutoka chungu hicho kimoja. Waliokosana mwaka mzima walipakuliwa pamoja, wakala, wakasameheana. Mpakuaji alikuwa Nakijwa, kwa mwiko mrefu aliourithi. Mwenye mwiko ndiye mama wa ukoo: neno lake husikilizwa, na mlangoni pake watoto hufundishwa kazi ya udongo.

Nakijwa aliishi na watu watatu. Mbonea, binti yake. Kihedu, mwanawe wa kiume, mchungaji. Na Mwasiti, mke wa marehemu mwanawe mkubwa, mtu wa kule tambarare. Mwasiti alipofiwa, ndugu zake walikuja kumchukua. Akawaambia, "Nirudi, nimwache mama na nani?" Akabaki.

Basi mwaka mmoja, mwezi mmoja kabla ya mlo wa ukoo, Nakijwa alikuwa akikiosha chungu. Siku hizo mikono yake ilitetemeka. Kikamponyoka. Paa! Vigae vitupu. Akakaa chini akalia kama aliyefiwa.

"Mama, tutafinyanga kingine," akasema Mbonea.

"Kwa mikono ipi?" akauliza Nakijwa, akiwaonyesha yake.

Mbonea akachukua jembe na kikapu, akateremka korongoni kwenye udongo mzuri, mahali ambapo tangu utotoni yeye peke yake ndiye aliyekwenda kumchimbia mama yake. Akachimba siku mbili. Siku ya tatu ukingo ukaporomoka, ukamfukia hadi kifuani. Walipomtoa, mkono wa kulia ulikuwa umevunjika, lakini wa kushoto umekumbatia kikapu. "Udongo huu hapa, mama," akasema, ndipo akazimia.

Udongo ulipatikana, na aliyefundishwa kuufinyanga sasa hana mkono.

Katika ukoo ule ilikuwa mwiko mwanamume kugusa udongo wa vyungu. Kihedu alipokuwa mdogo alipenda kukaa kando ya mama yake akifinyanga ving'ombe, na Nakijwa alimchapa vidole kwa fimbo mpaka akaacha. Sasa Kihedu akanawa mikono, akapiga magoti.

"Mama, niruhusu."

"Watu watakucheka, baba."

"Wacha wanicheke huku wanakula."

Akavitwanga vigae vya chungu cha zamani, akavichanganya na udongo, akakanda, akaanza kupandisha. Nakijwa akavitazama vile vidole gumba. Vilipinda vile vile kama vya marehemu mama yake. Akageuza uso, Kihedu asimwone.

Wachungaji wenzake walimcheka kweli. Baba wa mchumba wake akatuma neno: "Binti yangu haolewi na mwanamke mwenzake." Kihedu aliusikiliza ujumbe mpaka mwisho, akaendelea kusugua chungu kwa kokoto hadi kikang'aa.

Chungu kikakauka kivulini. Siku ya kukichoma wakawasha moto bandani asubuhi, kuni nyingine zimepangwa nje. Kufika adhuhuri mvua ikamwagika ambayo haikutazamiwa, kuni zote zikalowa chapachapa. Moto ukaanza kufifia, na chungu kikipoa kabla ya kuiva hupasuka.

Mwasiti akatoka mbio. Wakasikia shoka chumbani mwake: ko, ko, ko! Akarudi na mzigo wa mbao kavu za mninga. Ilikuwa miguu na mbavu za kitanda chake, kitanda cha nakshi alichoachiwa na mama yake mzazi, kitu pekee cha kwao alichokuwa nacho. Juu ya kitanda hicho ndipo mumewe alipokata roho.

"Mwasiti, acha!" akalia Nakijwa.

"Nimeshakata, mama," akasema, akazitia mbao zile motoni moja moja.

Jioni chungu kikatoka kizima. Wakakigonga, kikalia ngee!

Siku ya mlo ukafika ukoo mzima, bakuli mikononi. Nakijwa akasimama, akasema, "Mkono wangu hauwezi tena kuinua mwiko huu. Leo namkabidhi aliyetupatia chungu hiki. Nambieni ni nani."

Mbonea akasema, "Mama, bila udongo kungefinyangwa nini? Wenzangu waliolewa mbali, mimi nikakataa ili nikubebee udongo. Na mkono huu hautanyooka tena."

Kihedu akasema, "Dada anasema kweli. Lakini udongo ni tope tu mpaka upate mikono. Kazi ya bibi ilibaki kwenye vidole hivi ulivyovichapa, mama. Na kwa ajili yake nimemkosa niliyempenda."

Shangazi mmoja akapaza sauti, "Lini mwanamume akawa mama wa ukoo?" Watu wakacheka. Nakijwa hakucheka.

Mbonea mwenyewe akamgeukia Mwasiti, akamwambia, "Sema, wifi."

"Mimi si damu yenu," akasema Mwasiti. "Kama damu ndiyo haki, nanyamaza. Lakini ninyi mlikihangaikia chungu cha kwenu. Mimi niliuchoma urithi wa kwetu ili wa kwenu ubaki."

Mbonea akamfuta machozi kwa mkono wake mzima. Kihedu akamsogezea kigoda akae. Hapo Nakijwa akaona kazi imezidi kuwa ngumu, maana wangegombana angejua la kusema. Akawatazama, mmoja baada ya mwingine. Aliyemzaa na kumfundisha. Aliyemzaa na kumkataza. Asiyemzaa, aliyekataa kumwacha. Akautazama mwiko, una mpini mmoja tu.

Ukoo unangoja, bakuli ziko wazi, chakula kinapoa. Enyi mnaosikiliza, mngemwambia Nakijwa ampe nani? Je, nani hasa alistahili?