Jembe la Kingwande

Dawa ya jani haioshi mzizi. Methali hii mmeisikia asubuhi, fundi akiambiwa baada ya kupaka rangi ukuta unaotoa chumvi, mkacheka. Msicheke. Neno hilo lilitoka mdomoni mwa mfiwa, nami nilikuwepo. Lilianza hivi.

Bonde letu la mpunga liko karibu na mahali mto unapoingia baharini. Kiangazi, mto ukipungua, maji ya bahari hupanda, na yakikauka huacha chumvi nyeupe juu ya udongo. Kwa hiyo mvua za kwanza zikinyesha, kila mtu huzibua kipande chake cha mfereji, tukajaza maji matamu mashambani, tukayaacha yalale, kisha tukayatoa pamoja na chumvi yake. Huko ndiko kuosha shamba. Mfereji ni mmoja, na aliye chini asipochimba, aliye juu yake huumia.

Wa chini kabisa alikuwa Kingwande. Juu yake lilikuwa shamba la dada yake Siwazuri, mjane mwenye binti mmoja mdogo, Hidaya.

Mwaka mmoja bwana shamba alileta dawa ya kupulizia majani, yenye madini ya zinki na chuma. Alisema maneno mawili: itausaidia mpunga kuvumilia chumvi, lakini shamba lioshwe kama kawaida. Kingwande aliosha, akapulizia, mpunga ukawa kijani, akavuna vizuri. Kichwani mwake likabaki neno la kwanza tu. Binadamu ndivyo tulivyo, neno lenye jembe ndani yake hulisahau upesi.

Masika yaliyofuata hakuonekana mferejini. Siwazuri alimfuata nyumbani, nami nikamsindikiza.

"Kaka, njoo na jembe. Maji yamesimama kwangu, hayana pa kutokea."

"Mambo ya kizamani hayo, dada. Nitakupulizia na kwako, bure."

"Nina mtoto wa kulisha, Kingwande. Zibua mfereji."

"Ngoja uyaone majani kwanza."

Mtauliza kwa nini hatukumchimbia. Kwetu, mtu huchimbiwa kipande chake akishakufa tu. Tuliogopa kumtabiria kifo, tukaacha. Ujinga wetu huo, na unaniuma mpaka leo.

Alipulizia kwake na kwa dada yake, na majani yalikuwa mazuri, sisemi uongo. Watu walisimama kuyatazama. Lakini Siwazuri alipovuna na kupepeta, upepo ulichukua karibu yote. Mapepe matupu, maganda yasiyo na punje. Na sisi wa juu, maji yalikuwa yametutuamia vilevile, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na cha kumpa mwenzake. Tulichimba mizizi porini. Hidaya akakonda, na homa ilipokuja ilimkuta hana nguvu ya kupambana nayo.

Kingwande alifika msibani na jembe begani, akienda kuchimba kaburi. Siwazuri alikuwa ameketi mkekani, karibu na mlango.

"Dada, majani yalikuwa kijani," alisema huku akilia. "Nilidhani chumvi imekwisha."

"Dawa ya jani haioshi mzizi," Siwazuri akamjibu. "Jembe nililokuomba ulilete mferejini, leo umelileta hapa."

Siwazuri alihama bonde mwaka uleule. Dawa ile tunaitumia bado, na inafaa, lakini baada ya kuosha shamba. Na kila masika Kingwande huchimba vipande viwili, chake na cha dada yake, kama vile dada naye amekufa.

Kwa hiyo mkiisema tena, isemeni kwa adabu: dawa ya jani haioshi mzizi.