Magitaa Matatu na Tundu Moja

Hapo zamani, zamani ya karibu, ambayo waliocheza ndani yake wangali hai na viatu vyao havijachakaa, palikuwa na bendi ya dansi mjini Kilosa iliyoitwa Mkondoa. Mwenye bendi alikuwa Mama Kobelo, mjane aliyeachiwa na mumewe ukumbi, ngoma na magitaa, na juu ya hayo akaachiwa ugomvi wa wapigaji. Mpiga solo wake alipostaafu na kurudi shambani, nafasi ya mbele ilibaki tupu, na watu watatu waliikodolea macho.

Wa kwanza ni Mwinshehe, aliyekuwa amepiga solo ya pili kwa miaka kumi na mmoja bila kukosa dansi hata moja. Wa pili ni Semeni, mpiga rithimu, mwanamke mpole wa maneno na mkali wa mkono. Wa tatu ni Dilunga, mpiga gitaa la kujazia, lile ambalo msikilizaji halitambui mpaka siku linapokosekana.

Hawakutukanana. Mwinshehe akisifiwa, Semeni alikaza nyuzi ambazo hazikulegea. Semeni akisifiwa, Dilunga alishikwa na kikohozi. Dilunga akisifiwa, Mwinshehe alitoka nje kupunga hewa.

Siku hizo kila mmoja alikuwa na kijisanduku chake miguuni cha kubadilisha sauti ya gitaa: huyu cha mwangwi, huyu cha mtetemo, huyu cha mkwaruzo, na nyaya zimesokotana jukwaani kama utumbo. Mama Kobelo alijikwaa humo mara mbili mbele ya wageni. Mara ya pili akatoa amri. Itanunuliwa amplifaya moja ya valvu, yaani vile vichupa vya kioo vinavyowaka kama makaa na kuipa sauti joto, na mwangwi, mtetemo na mkwaruzo vyote viwe ndani yake. Itakuwa ya mpiga solo peke yake, na tundu la kuchomekea gitaa litakuwa moja.

Sasa, bendi ya Mkondoa ilikuwa na desturi iliyowekwa na marehemu mume wa Mama Kobelo, na hakuna aliyewahi kuivunja: chombo hupigwa na aliyekichagua, mpaka atakapokiacha mwenyewe. Hakiazimwi, wala hakipokezanwi.

"Nendeni Morogoro wote watatu," alisema Mama Kobelo. "Atakayeichagua amplifaya ndiye mpiga solo wangu."

Wakapanda treni. Wakaketi benchi moja, na hakuna aliyemwambia mwenzake alichokuwa akikiwaza, kwa kuwa wote walikuwa wakiwaza jambo lilelile.

Dukani walikuta amplifaya saba. Semeni na Dilunga waliivamia moja kubwa nyeusi yenye vitufe ishirini, wakaanza kuulizana kila kimoja ni cha nini. Mwinshehe hakugusa kitu. Aliwapa mgongo, akaukabili ukuta, akamwomba mwenye duka apige kipande kilekile cha gitaa katika zote saba, moja baada ya nyingine, bila kumtajia jina wala rangi. Katika ya tano akainua mkono. Alisema kwamba hapo kuna kioo na moto, na kwamba mwangwi wake unarudi kama mtu anayeitika kutoka chumba cha pili, si kama mtu aliyetumbukia kisimani. Wakageuka, wakaiona: ndogo, ya kahawia, isiyo na majivuno. Wote walijua kwamba amepatia, na Semeni akahisi ulimi wake ukiwa mchungu.

Lakini za aina ile zilikuwa mbili. Mwinshehe akashika iliyo mbele na kutaka kuondoka. Semeni akakataa. Aliziwasha zote mbili, akavuta kigoda, akakaa. Robo saa ikapita, nusu saa ikapita, Mwinshehe akimwuliza kama anasubiri zitage. Saa nzima ilipokaribia kutimia, ile ya mbele ikaanza kunguruma chini chini kama tumbo lenye njaa, na kila alipoongeza mwangwi, ngurumo nayo iliongezeka. Ile ya pili ikatulia. "Hii ndiyo," alisema Semeni, na safari hii uchungu ukahamia kwa Mwinshehe.

Hakuna aliyemwuliza Dilunga neno. Wenzake walisimama wakijisifu, mmoja masikio yake, mwingine subira yake, na yeye akawa kama mchukuzi waliyemkodi. Mwenye duka alikuwa amewaambia waiache ipoe kwanza, maana kioo chenye moto hupasuka upesi. Dilunga aliinyanyua ikiwa moto, akaitua kwenye mkokoteni kwa kishindo.

Walipofika Kilosa, bendi nzima ilikuwa ukumbini ikingoja. Taa nyekundu ikawaka, kitufe kikazungushwa mpaka mwisho, gitaa likapigwa. Kimya. Likapigwa tena. Kimya.

Mama Kobelo akauliza kwa upole ni nani aliyechagua sanduku hili.

"Mimi nilichagua aina tu, Mama," alisema Mwinshehe. "Hili lenyewe alilichagua dada Semeni."

"Mimi nilichagua kati ya mawili," alisema Semeni. "Aliyetupeleka kwenye hayo mawili ni kaka Mwinshehe na masikio yake."

Mama Kobelo akaamua lirudishwe kwa treni ya kesho, uchaguzi uanze upya. Mwinshehe akakubali upesi, na Semeni akakubali upesi zaidi, kwa kuwa kila mmoja alishaona jinsi atakavyomtangulia mwenzake safari ya pili.

Hapo Dilunga akazungumza. "Msilirudishe. Mimi ninalichagua hilihili, na ububu wake."

Akafungua ubao wa nyuma. Valvu moja ndogo ilikuwa imegeuka nyeupe kama maziwa, dalili kwamba kioo kimepata ufa na hewa imeingia. Dilunga akaenda nyumbani, akarudi na kijisanduku cha marehemu baba yake, fundi wa redio, na ndani ya pamba akatoa valvu ya namna ileile, ya mwisho kati ya zile alizoachiwa. Akaichomeka. Wakangoja ipate moto.

Sauti ilipotoka, mpiga ngoma alivua kofia yake. Ilikuwa nzito na ya joto, mwangwi ukiifuata hatua mbili nyuma, na mtetemo ukiipitia kama upepo juu ya mpunga. Mikono mitatu ikaudaka kwa pamoja waya wa kuchomeka tunduni.

"Bila mimi mngeleta lile jeusi lenye vitufe ishirini," alisema Mwinshehe. "Sauti hii niliijua kabla sijaiona. Nani mwingine humu anayeweza kusema hivyo?"

"Uliijua kama bwana harusi anayemjua mke kwa kikohozi nyuma ya pazia," alisema Semeni. "Mimi ndiye niliyekaa nayo. Ungeachiwa wewe, leo tungekuwa tunaisikiliza ikinguruma. Nawe Dilunga usijitie uganga. Nani aliyeibeba ikiwa moto?"

Dilunga hakukana.

"Niliibeba ikiwa moto kwa sababu roho iliniuma," alisema. "Huenda niliiua mimi, huenda ni mtikisiko wa treni, sijui. Lakini ilipokufa, ninyi wawili mlikimbia matanga. Mliichagua ikiwa inaimba. Mimi niliichagua ikiwa maiti, na nikaitilia pumzi ya baba yangu."

Mama Kobelo akawanyang'anya waya. Kwenye ngazi za ukumbi wachezaji walikuwa wakiingia, mpiga ngoma amekwisha kuinua vijiti vyake, na wapigaji watatu wamesimama kila mmoja na gitaa lake kifuani, bila kutazamana. Mwinshehe aliipata, kisha akaikana. Semeni aliipima, kisha akaikana. Dilunga aliikubali ilipokanwa, lakini pengine ni yeye aliyeivunja.

Tundu ni moja, na waya ni mmoja. Je, ninyi mlioisikiliza kesi hii bila gitaa mkononi wala kijicho moyoni, ni nani aliyeichagua amplifaya ile, na waya mngemkabidhi nani?