Siku Namkunda Alipolivuka Jiwe

Sogeeni karibu na jiko. Na wewe uliyekumbatia mlango, ingia ndani, mvua inakupiga mgongoni halafu kesho mama yako aje kunilaumu mimi. Haya. Nikisema "Enzi hizo!" nyinyi mniitikie "Tupeleke!" Anayesinzia nitampa hizi kunde azichambue peke yake.

Enzi hizo!

Tupeleke!

Enzi hizo, wajukuu zangu, bibi yake bibi yangu alikuwa bado hajaota meno. Milima hii ilikuwa na miti mpaka kileleni, na asubuhi ukungu ulishuka ukaingia ndani ya nyumba kama mgeni aliyezoea. Palikuwa na mji ukiitwa Kwesumo, na ng'ambo ya korongo palikuwa na watu tuliowaita Wang'ambo tu, maana jina lao hatukutaka kulitaja. Katikati, chini kabisa, palikuwa na chemchemi ya magadi.

Msicheke! Nyinyi chumvi mnainunua dukani imefungwa kwenye pakiti. Wakati ule, bila magadi maharage hayaivi, mbuzi hanenepi, na ugoro wa babu hauna ukali. Basi wakaigombea chemchemi hiyo, kwanza kwa maneno, kisha kwa mawe, kisha kwa mikuki, na vita ikawa vita.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kisa. Kwesumo hakukuwa na askari wa kulazimishwa. Mfumwa, ndiye mkuu wa mji, alipiga baragumu akasema, "Anayetaka aende. Asiyetaka abaki alime, hakuna atakayemcheka." Wakatoka vijana wa hiari. Wakajipaka mafuta, wakaimba, wasichana wakawasindikiza mpaka ukingoni mwa shamba la mwisho. Lo, siku hiyo ilikuwa nzuri! Hata waliokuwa wakilia walilia huku wanacheza.

Na miongoni mwao alikuwamo Kiangi, mtoto wa pekee wa mjane mmoja aliyeitwa Namkunda. Namkunda huyo alikuwa mwembamba, mweusi, mwenye mdomo. Akisema jambo sokoni, mbuzi huacha kula wakasikiliza.

Palikuwa na desturi. Kila baada ya siku chache wanawake walibeba chakula kwenye vibuyu mpaka kwenye jiwe moja kubwa, nusu ya njia ya kambini. Pale wanaviweka chini, wanachukua vitupu vya safari iliyopita, wanageuka, wanarudi. Kulivuka jiwe ni mwiko. Kusubiri ili uonane nao ni mwiko. Wazee walisema kijana wa vitani akisikia sauti ya mama yake magoti yatamlegea. Kwa hiyo tangu waondoke, hakuna mtu wa mjini aliyesikia neno hata moja kutoka kinywani mwao. Akifa mmoja, mkuki wake uliachwa kwenye jiwe, na mji unalia. Ndivyo walivyojua kuwa Mbazi, rafiki mkubwa wa Kiangi, amekufa.

Sasa watu wakinyimwa habari wanafanya nini? Wanajitungia! Watu wa Kwesumo walianza kusoma vibuyu. Naam, vibuyu! Vikirudi vimekombwa mpaka vinang'aa, nusu ya mji inashangilia, "Mmeona? Wanakula vizuri, mioyo yao imo vitani!" Vikirudi na uji umegandia chini, nusu ya pili inalia, "Mmeona? Hawali, wamechoka, wanataka nyumbani!" Siku moja kimoja kilirudi na shimo ubavuni. Wakakizunguka sokoni kutwa nzima. Hawa wanasema ni mkuki wa adui, hawa wanasema kijana amekitupa kwa hasira. Mimi ningeulizwa, ningesema panya.

Wa kwanza kati ya wale walioshangilia alikuwa mzee Mgonja. Huyu alikuwa na mjukuu wake kambini, Kadeghe, aliyemlea mwenyewe tangu akiwa mchanga. Mzee Mgonja alipenda kupanda juu ya kichuguu cha sokoni.

"Nani aliwafunga kamba?" alipaza sauti. "Walikwenda kwa hiari yao! Mtu akienda kwa hiari, jambo hilo analipenda. Kadeghe wangu ni simba. Anayesema tupatane anawatukana wale vijana!"

Na Namkunda, kikapu kichwani, hakumwachia hata siku moja.

"Mzee wangu, shikamoo, lakini teremka hapo usije ukaanguka. Walikwenda kwa hiari, sikatai. Mimi pia niliolewa kwa hiari, na kuna siku nilifunga mizigo yangu. Mwanangu namjua, nimemzaa. Kiangi amechoka. Wote wamechoka, na nyinyi mnaoshangilia mmekaa kwenye kivuli!"

Watu wakacheka, wengine wakazomea. Ikawa hivyo kila siku ya soko. Ndugu wakaacha kusalimiana. Wanawake wa kisima kimoja wakawa wanateka maji kwa zamu, kundi hili likimaliza ndipo lile liende. Namkunda usiku hakulala, akimwaza mwanawe, na kadiri alivyomwaza ndivyo alivyozidi kuamini maneno yake mwenyewe.

Mpo lakini? Haya.

Ikafika siku Wang'ambo wakamtuma bibi kizee na jani la isale mkononi, lile jani la kuombea amani. Akasema, "Tugawane. Mwezi mmoja magadi yenu, mwezi mmoja yetu." Mfumwa akalipokea jani, akaukusanya mji.

"Mimi sitaamua kwa kelele," akasema. "Hao vijana ndio wanaokufa. Kama wanaitaka vita, nitarudisha jani. Kama wanataka kurudi, nitaliweka juu ya mlango wangu. Basi niambieni, wanataka nini?"

Weee! Paliwaka moto. Huyu anasema wanaitaka, yule anasema hawaitaki, vibuyu vikaletwa, vikageuzwageuzwa, mwanamume mmoja mzima akanusa kimoja na kusema kinanuka ushujaa. Mfumwa akainua fimbo, akawaambia warudi kesho jua likiwa juu, na mwenye ushahidi aje nao.

Namkunda akaenda nyumbani, akakaa kwenye kigoda. Aliona wazi mambo mawili. La kwanza, jani likirudishwa, Kiangi hatatoka kule mzima. La pili, yeye hakuwa na ushahidi wowote ila moyo wake. Alfajiri akajitwika kibuyu cha maziwa, kama anayepeleka chakula, akashika njia ya jiwe. Alipofika hakukiweka chini. Alisimama kidogo, akavuka.

Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa Kadeghe, amekuja kuchukua chakula. Simba wa mzee Mgonja! Alikuwa amekonda, nywele zimemjaa vumbi. Alipomwona alitaka kukimbia, halafu akakaa chini katikati ya njia, akaanza kulia kama mtoto.

"Mama Kiangi, babu hajambo? Mwambie anipokee. Mwambie mimi siwezi tena. Nilikuja kwa hiari, ni kweli, lakini sikujua. Kila nikitaka kusema naona aibu, maana namjua babu, lazima anajisifu kwa ajili yangu."

Namkunda akampa maziwa, akamfuta uso kwa upindo wa nguo yake. Na moyoni, wajukuu zangu, alifurahi! Sitawaficha. Alimhurumia, ndiyo, lakini alifurahi pia, maana alikuwa ameshinda. Akajisemea, kama mjukuu wa Mgonja yuko hivi, mwanangu je?

Akaendelea mpaka kambini, akamkuta Kiangi akinoa mkuki. Amekuwa mtu mzima, mabega yamepanuka. Wakatazamana, Namkunda akasahau maneno yote aliyopanga.

"Mama, umevunja mwiko."

"Nimevunja. Nitalipa mbuzi. Kiangi, Wang'ambo wameleta jani la amani, wanasema tugawane chemchemi. Mji unauliza mnataka nini. Niambie unataka kurudi, nikawaambie."

Kiangi akaulaza mkuki chini. Kisha akasema taratibu, "Sitaki kurudi."

"Umechoka, mwanangu. Nakuona."

"Nimechoka, ndiyo. Lakini Mbazi amelala pale chini ya kile kilima, nimemzika kwa mikono yangu. Tukigawana chemchemi leo, kwa nini hatukuigawana kabla yake? Nimtazameje mama yake? Mimi nasema tuendelee mpaka tuipate yote. Usiwaambie vinginevyo, mama. Wenzangu wengine wanataka kurudi, nawajua, na sisi wenyewe tunagombana kila jioni. Lakini mimi ndivyo ninavyosema, na mtu asinisemee."

Namkunda akajaribu kusihi, akalia, akakasirika. Kiangi akamshika mikono yote miwili akaibusu, akamsindikiza mpaka karibu na jiwe. Hakubadilisha neno.

Sasa mwone Namkunda anavyorudi. Jua linapanda, kibuyu kitupu kichwani, na miguu mizito. Aliwaza, nani atajua? Nikisema Kiangi anataka kurudi, mji utaniamini, mimi ndiye niliyekwenda. Kadeghe ataniunga mkono. Jani litawekwa juu ya mlango, na mwanangu atakula nyumbani kabla ya mvua. Ni neno moja tu. Na akifika Kiangi atanuna, lakini atakuwa hai akinuna. Alilisema hilo neno moja kwa sauti njiani, peke yake, kulijaribu kinywani. Likatoka vizuri kabisa. Na hilo ndilo lililomtisha.

Alipofika uwanjani watu wamejaa. Mzee Mgonja yuko mbele, amevaa ngozi yake ya sherehe. Mfumwa akauliza mwenye ushahidi.

"Nimelivuka jiwe," Namkunda akasema, na mji mzima ukaguna. "Adhabu yangu mtaniambia baadaye. Nimewaona kwa macho yangu. Kwa muda wote huu nimekuwa nikisema hapa kwamba mwanangu anataka kurudi. Si kweli. Kiangi anataka vita iendelee."

Upande wa mzee Mgonja ukalipuka kwa shangwe! Mzee mwenyewe akarusha fimbo juu. Namkunda akangoja. Kisha akamgeukia, akasema kwa upole, si kwa kumsuta.

"Mzee wangu, na Kadeghe anauliza kama utampokea. Hawezi tena. Anaona aibu kwako."

Fimbo ikaanguka chini, hakuna aliyeiokota. Mzee Mgonja alimtazama Namkunda, akaona kuwa mwanamke aliyejivunjia hoja yake mwenyewe hana haja ya kumdanganya. Akauliza kwa sauti ndogo ambayo haikuwahi kusikika sokoni, "Anakula lakini?"

"Amekunywa maziwa."

Mfumwa akasimama. "Tumenusa vibuyu," akasema, "na watu wenyewe ni mwendo wa kwenda na kurudi asubuhi moja. Waiteni. Waje wakae hapa, waseme mmoja mmoja."

Wakaitwa, wakaja, wamebakia walinzi wachache tu. Wakasema mmoja mmoja, na mji ukawasikiliza. Wengine walitaka vita, wengine walitaka kwao, wengine walisema hawajui, na hao ndio waliolia zaidi. Kiangi akasema maneno yale yale aliyomwambia mama yake, bila kupunguza. Kadeghe akasema yake, na babu yake akamvua mkuki begani, akaubeba yeye. Mwishowe waliotaka jani lipokelewe walikuwa wengi zaidi. Likawekwa juu ya mlango wa Mfumwa, na tangu siku hiyo, hata katika vita nyingine zilizokuja, ule mwiko wa jiwe haukurudi tena.

Ah, enzi hizo! Namkunda akatozwa mbuzi wake, maana sheria ni sheria, na mzee Mgonja ndiye aliyekwenda kumchagulia aliye mdogo kuliko wote. Watu walikuwa watu. Waligombana mpaka mishipa ikawatoka shingoni, lakini mtu aliweza kusimama mbele ya mji wote akasema, nilikosea, na kesho yake akakaribishwa togwa. Mimi nikiwatazama wa siku hizi ninawakumbuka wale, ingawa sikuwaona.

Bado kidogo, msiinuke. Kiangi alirudi nyumbani na kinyongo. Alilima, akakata kuni, lakini hakusema na mama yake. Mpaka asubuhi moja wanapalilia, akasimamisha jembe.

"Mama, ulitaka nirudi kuliko kitu chochote. Mbona hukuwadanganya? Ungesema neno moja tu, mambo yakaisha."

Namkunda akanyoosha mgongo. "Ningesema, angerudi yule Kiangi niliyemtunga mimi sokoni. Nikamtengea chakula, nikamtandikia kitanda. Wewe ningekuwa nimekuacha kule kilimani na Mbazi, na wala nisingejua."

Kiangi akapalilia mstari wake mpaka upande wa mama yake, akamsogelea, wakaendelea kulima bega kwa bega. Na jua lilipopanda, akaanza kumsimulia Mbazi alivyokuwa.

Basi, wajukuu zangu, mkiwa wakubwa mtasikia watu wakiwasemea watu wasiokuwapo. Wale wanafurahi, wale wanaumia, wale wanataka hiki. Nanyi mwulize tu, umewauliza? Na ukiwauliza wakakujibu usilolitaka, lichukue hivyo hivyo ulilete.

Kisa nimekitua hapa, mabega yangu yamepumzika. Atakayekitaka na akibebe yeye.