Mbuzi wa Mwanvua

Hapo zamani, si zamani ya mbali, huko milimani Uluguru, mwanamke mmoja alijifungua akafariki. Aliacha mtoto mchanga, Mwanvua, na mbuzi mmoja wa maziwa. Mtoto akaishi kwa maziwa ya mbuzi huyo. Bibi yake, Bi Mkude, akawagawia kazi binti zake watatu: Semeni akate majani, Zamda alishe, Sauda afagie banda. Kila mmoja alikuwa na mbuzi wake kwake, na watoto wake wa kunywesha.

Siku moja mvua ikanyesha, njia ya kwenda kwenye matete, alikokata majani kila siku, ikawa utelezi mtupu. Semeni, mvivu yule, akachuma majani ya muhogo mchungu nyuma ya nyumba. Majani hayo yakiwa mabichi ni sumu, yakikauka ni chakula. Akamwambia Zamda, "Usimpe leo. Yaanike kwanza."

Zamda akayaanika jikoni. Lakini mbuzi alilia njaa, mtoto alilia njaa, na maziwa ya asubuhi hayakujaa hata kikombe. Moyo ukamshinda. "Kidogo tu hakiui," akasema. Akampa kidogo. Akampa kidogo tena.

Sauda alikuwa pale na ufagio, akaona. Akafungua mdomo, akaufunga. Juzi tu alimsahihisha Zamda, na ndugu zake wote wawili wakamrukia mbele za watu: "Nani kakuita? Fagia mavi yako!" Basi akafagia.

Mbuzi akahema. Akatoka povu. Akaanguka. Wakamsugua, wakamwita, wapi! Akafa mvua haijakatika.

Bi Mkude akatoka, mtoto amelala mgongoni. "Akiamka atataka maziwa. Mmoja wenu atamleta mbuzi wake, awe wa mtoto huyu moja kwa moja. Nani?"

"Mama, mimi nilionya!" akasema Semeni.

"Ulionya, na sumu aliileta nani?" Zamda akafoka. "Mimi nilimhurumia mtoto. Na wewe Sauda, macho ulikuwa nayo!"

Sauda akalia. "Mdomo wangu mliufunga ninyi wenyewe. Leo mnautaka?"

Hadithi hii hunipandisha hasira, maana kila nikimkamata mmoja, namwona mwenzake anachomoka.

Mtoto ameshafumbua macho. Haya, ninyi mnaonitazama kimya tangu nianze: je, ni mbuzi wa nani aende kwa Mwanvua?