Kifungo cha Koti la Mwalimu

Hapo zamani, si zamani ya wafalme wala ya majini, ni zamani ya juzi tu, nanyi mlikuwapo ila hamkuitwa, aliishi Bi Sikudhani juu kabisa ya milima ya Usambara, mahali ambapo ukungu huingia nyumbani bila kupiga hodi. Mumewe alikuwa Mwalimu Shemweta, mstaafu mwenye mazoea yake. Kila asubuhi alivaa koti lake zito la sufu, akaenda bustanini kutazama kipima mvua, akarudi, akaketi mbele ya kompyuta na kujirekodi akitaja mvua iliyonyesha. Majirani walimcheka. Wapi na wapi, mtu mzima kusimulia mashine habari za mvua? Yeye akaendelea.

Kisha asubuhi moja ya mwezi wa nne, bila kuugua, Mwalimu akafariki.

Bi Sikudhani hakukiweza kimya cha nyumba ile. Arobaini ilipopita akaanza kusikiliza. Leo ni tarehe fulani, basi anafungua sauti ya tarehe hiyo hiyo ya mwaka uliotangulia. Siku kwa siku, bila kuruka, bila kutangulia. Sauti ya asubuhi ya mwisho hakuwa ameisikia bado. Aliiwekea siku yake, siku ya kutimiza mwaka, naye aliingoja kwa hamu na kwa hofu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu. Ukiiwasha, inakoroma. Ikakoroma, Bi Sikudhani akangoja. Akachemsha chai ya mchaichai, akamenya magimbi, ikakoroma, akangoja. Katika kungoja huko usingizi mwepesi ulimpitia, na Mwalimu akaingia, koti limelowa, akajipangusa miguu mlangoni. Mpaka sauti ifunguke, Bi Sikudhani hakujua lipi ni ndoto na lipi ni kumbukumbu, wala hakutaka kujua.

Lakini mkoromo ukazidi. Chai ikachemka, ikapoa, kioo bado cheusi. Vikaanza kuchomoza vidirisha visivyoitwa: umeshinda zawadi, bonyeza hapa. Sauti ya Mwalimu ikawa inakatika katikati ya neno. Na siku tano kabla ya mwaka kutimia, zile sauti zote zikatoweka kiooni.

Akawapigia simu watoto watatu wa marehemu kaka yake, ambao yeye na Mwalimu ndio waliowalea: Hoza, Tunu na Kupaza. Aliwaambia kuna mdudu anamla mume wake. Akawaambia na hili: "Atakayenirudishia sauti yake, lile koti ni lake."

Msidhani ni koti tu. Nguo nyingine za marehemu ziligawiwa ndugu. Hilo alilificha, likaning'inia nyuma ya mlango mwaka mzima, hata yeye hakuligusa. Na watoto hao walipokuwa wadogo, asubuhi za baridi, Mwalimu aliwapeleka shule chini ya koti hilo, wawili ubavuni na mmoja mgongoni. Lilikuwa limewatosha wote watatu. Sasa wamekua, linamtosha mmoja.

Hoza, fundi wa simu na kompyuta kule Mombo, alifika wa kwanza. Akaiwasha, ikakoroma, wakangoja. Alipoona vidirisha akatikisa kichwa. Virusi, alisema, tena ukoo mzima. Dawa ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Ndivyo wanavyofanya mafundi wote.

Tunu alikuwa karani wa masjala mjini Korogwe, na alikuwa ameingia na begi lake bado begani. Akakamata waya wa umeme, tayari kuuchomoa.

"Kaka Hoza, kwetu masjala faili halichomwi kwa sababu limeingia mende," alisema. "Anatolewa mende."

Hoza akanuna, lakini akakaa. Siku tatu walikaa pamoja. Hoza akitoa mdudu, Tunu akifungua daftari la mvua la Mwalimu na kulinganisha tarehe. Ikawa sauti hazikuliwa, zilifichwa tu. Moja ikatokea, Tunu akatia alama daftarini. Nyingine ikatokea, akatia alama. Hivyo hivyo mpaka ikabaki tarehe moja isiyo na alama. Asubuhi ya mwisho ilikuwapo, lakini ukiifungua ilitoa sauti kama ya mafuta kikaangoni, basi.

Bi Sikudhani akaenda kusimama dirishani. Kesho ndiyo siku yenyewe, na nje hapakuwa na kitu ila weupe wa ukungu.

Hoza akasoma tarehe ya mdudu kiooni, akasema aliingia kwa flashi, na aliingia siku ya arobaini. Wote wakakumbuka. Siku ile, baada ya kisomo na kabla ya pilau, ndugu kumi na mmoja walipanga foleni na flashi zao, kila mmoja akiomba kipande kidogo cha sauti ya marehemu. Nani angemjua mwenye mdudu kati ya kumi na mmoja?

Tunu hakuuliza nani alileta mdudu. Aliuliza nani, siku ile, alichukua asubuhi ya mwisho.

Kupaza, kinyozi wa Tanga, ndiye ambaye siku zote hizo alikuwa nje akipasua kuni. Akaweka shoka chini, akatoa flashi iliyofungwa pamoja na funguo zake.

"Niliichukua mimi, Shangazi. Na mdudu ni wangu. Flashi hii naitilia nyimbo za saluni, imepita kila mahali. Wiki ile ile kompyuta ya saluni nayo iliugua, nikajua nimekuharibia. Nikaona haya, nikanyamaza."

Hoza akaisafisha flashi kwanza, polepole, maana ilikuwa na sumu bado. Ndani yake mlikuwa na asubuhi ya mwisho, nzima.

Kesho yake Bi Sikudhani akaketi na kikombe chake. Kompyuta haikukoroma. Ilifunguka kabla hajamimina chai, naye akababaika, maana hakupata hata dakika ya kungoja. Mwalimu akasema:

"Mvua milimita nne. Ukungu. Sikudhani amelala, sikumwamsha. Kifungo cha juu cha koti kimekatika, nimekitia mfuko wa ndani. Akiamka nitamwomba anishonee."

Bi Sikudhani akalia. Akaenda nyuma ya mlango, akatia mkono mfuko wa ndani. Kifungo kilikuwamo. Akatafuta sindano, akaketi, akashona, nao watatu wamesimama mbele yake kama walivyosimama zamani wakingoja kufunikwa.

Hoza akasema: "Shangazi, mdudu nimemtoa mimi. Bila mkono wangu hata flashi ya Kupaza ingeongeza ugonjwa tu."

Tunu akasema: "Shangazi, mkono huo ulitaka kufuta mwaka mzima, nikauzuia. Na hiyo flashi isingetoka mfukoni nisingeuliza."

Kupaza akasema: "Mimi sidai. Nilichorudisha ndicho nilichoharibu."

"Hasa," Hoza akamwambia. "Mchoma nyumba hapewi tuzo kwa kuleta maji."

Bi Sikudhani hakuinua macho. Aliwaza kwamba bila Kupaza kusingekuwa na maradhi. Akawaza tena kwamba Kupaza angenyamaza, asingejulikana milele, na kifungo hiki kingelala mfukoni mpaka koti lioze. Sindano ikapita mara ya mwisho, akafunga fundo.

Mimi niliondoka hapo uzi haujakatwa. Koti lipo mapajani mwake, kifungo kimekaza, na nje ukungu unangoja mlangoni. Haya, ninyi mliokaa mkitikisa vichwa, mkasi huu hapa. Ukate uzi, umvishe mmoja. Je, utamvisha nani?