Viatu vya Kwanta vya Bwana Khelef

Bwana Khelef, mwenye vibanda vyote vya sokoni, alimwambia Siwatu, fundi viatu, “Kesho naoa. Nipe viatu vyangu leo hii, au uhame kibanda changu!”

Siwatu akamkabidhi maboksi mawili yaliyofungwa. “Hivi ni vya fizikia ya kwanta, bwana. Chembe ndogo kabisa, kabla haijatazamwa, huwa na hali mbili kwa pamoja. Basi kila kiatu humu sasa ni cha kulia na cha kushoto. Ukivitazama vyote kwa mpigo, kila kimoja kitashika upande wake. Ukichungulia kimoja peke yake, cha pili kitakiiga.”

“Unanifundisha mimi kwanta?” Khelef alifoka mbele ya wateja. “Wallahi, sichungulii!”

Kesho yake, wakwe wakimtazama, akafungua maboksi. Vyote vya kushoto!

“Bwana,” Siwatu, aliyekuwa miongoni mwa waalikwa, aliuliza kwa upole, “hukuchungulia, sivyo?”

Khelef alikuwa amechungulia boksi moja usiku, tena baada ya kuapa.

“Nichungulie nini? Mbona viko sawa!” Akavivaa, akaenda kuoa akichechemea.

Siwatu akarudi kibandani kutafuta kalibu nyingine, ule mguu wa mti wa kuundia viatu, ya upande wa kulia. Ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa tangu Ramadhani.